Nimerudia Boys Over Flowers baada ya miaka 14, kumbe dada yangu alitupiga

Binti Kihonda

Wakuu habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu, mwenye muda avute kigoda.

Wiki iliyopita nilikuwa likizo, mvua ya Dar haikatiki, mume kasafiri, mtoto yuko kwa bibi yake, nikasema ngoja nitafute kitu chepesi cha kuangalia kisichoniumiza kichwa. Nikaperuzi weee mpaka nikakutana na ile picha ya vijana wanne wamekunja sura kama wanadaiwa kodi ya nyumba. Boys Over Flowers! Moyo ukafanya paa. Nikasema leo silali.

Kwa waliozaliwa juzi: hii ni sizoni ya Korea Kusini, ilirushwa na KBS kule kwao kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi 2009, episodi 25. Kuna binti wa dobi anaitwa Geum Jan-di, siku moja anapeleka nguo za mteja kwenye shule ya matajiri inaitwa Shinhwa, anakuta mwanafunzi yuko juu ya paa anataka kujirusha, anamuokoa, habari zinasambaa, wenye shule ili kufunika aibu wanampa binti nafasi ya kusoma bure. Huko ndani ndio kuna F4, vijana wanne watoto wa vigogo, shule nzima inawaogopa mpaka walimu. Kiongozi wao Gu Jun-pyo, nywele kalikiti, mama yake ndiye mwenye kampuni mwenye shule mwenye kila kitu. Sasa huyo Jun-pyo na binti wa dobi ndio hivyo tena, mnaelewa.

Kwetu Moro ilifika kama 2011 hivi, nipo form two, mwaka ule wa mgao wa umeme. Tulikuwa tunachanga watoto wa majirani wote tunaenda kukodi laibrari, CD moja ina episodi nane zimebanwa mpaka mtu akikimbia uso unabaki nyuma. Mkeka chini, watoto kama kumi na mbili, mama jikoni, baba kwenye kiti chake cha pembeni kafunua gazeti hana habari na sisi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita kama daladala ambayo kondakta kaona trafiki, nani ayasome? Dada yangu. Alikuwa kamaliza form four anasubiri matokeo, kwa hiyo mtaa mzima yeye ndiye msomi. Anakaa mbele na rimoti, Jan-di akiongea dada anatafsiri kwa sauti nyembamba, Jun-pyo akiongea dada anatafsiri kwa sauti nzito ya kiume, na sisi huku nyuma ni kulia tu.

Sasa nimerudia peke yangu, na Kiingereza changu siku hizi siyo cha kuombea maji. Jamani. JAMANI.

Mnakumbuka ile kadi nyekundu? Mwanafunzi akifungua kabati lake akaikuta basi shule nzima inamgeukia, anakimbizwa, anapigwa. Dada alituambia ni kadi ya wanaodaiwa ada. Tukaamini! Tena tulikuwa tunamuonea huruma mtoto wa watu huku moyoni tunasema wazazi nao walipe tu yaishe. Kumbe ile kadi F4 wanampa yeyote aliyewaudhi, ni ruhusa ya kumuonea mpaka ahame shule au ajiue, na yule kijana wa kwenye paa mwanzoni kabisa ndio hiyo ilikuwa imemfikisha pale.

Halafu kuna ile sini Jan-di anapigwa mayai na unga na wanafunzi wenzake, kachafuka mwili mzima anatetemeka. Dada alisema leo besidei yake. Na sisi tulivyo wajinga tukapiga makofi, tukaimba na wimbo.

Kuna mahali Jun-pyo anatuma wanaume wenye suti nyeusi wakamchukue binti, wanambeba juu juu wanampakia kwenye gari, anapelekwa kwenye jumba anapambwa mavazi na viatu bila mtu kumuuliza anataka au hataki. Tafsiri ya dada: wajomba zake wamekuja kumchukua waende harusini. Kuna vijana Jun-pyo kawatuma wakamtishe, mpaka Ji-hoo, mwenzake wa F4, anatokea ndio wanamwachia, ile imenitisha hata mimi mtu mzima na umri huu. Tafsiri ya dada: wamekuja kudai madaftari yao. Baadaye anatokea Ha Jae-kyung, mchumba ambaye mama Jun-pyo kamtafutia mwanawe kwa sababu ya biashara. Dada akasema ni mtoto wa mjomba. Sasa episodi zinaenda zinaenda tunaona binamu kavaa shela, maharusi wako mbele ya watu, tukamgeukia dada wote, akakohoa akasema "Wakorea wanaruhusu."

Ila lililoniuma ni Jun-pyo mwenyewe. Jun-pyo wa dada alikuwa anaomba msamaha. Kila baada ya ujinga wake kulikuwa na sini kakaa mwenyewe anaangalia dirishani, au anabishana na Jan-di, na dada anaongea ile sauti nzito taratibu kabisa, "nisamehe Jan-di, mimi sikulelewa na mama, nililelewa na wafanyakazi, sijui kuishi na watu." Nilikuwa nalia machozi ya kweli. Nimesubiri hayo maneno episodi ya kwanza, ya pili, ya tano, hakuna! Kijana anafoka tu mimi ndiye Gu Jun-pyo mimi ndiye Gu Jun-pyo, anatupa hela, anamvuta binti mkono koridoni. Anabadilika mbele huko kidogo kidogo, sikatai, ila yale maneno hayamo. Miaka yote hii kila mwanaume niliyekutana naye nilikuwa nampima na mtu ambaye hata kwenye sizoni yenyewe hayupo, alikuwa anaishi kwenye koo la dada yangu.

Na CD ya mwisho ilikuwa na mkwaruzo, ikastaki pale Jun-pyo kagongwa na gari kapoteza kumbukumbu, anawakumbuka watu wote kasoro Jan-di. Dada akatusimulia mwisho kwamba aliukuta kwa rafiki yake: Jan-di alimpikia uji, kijana alivyoonja tu akakumbuka yote. Kumbe mwisho wenyewe ni tofauti kabisa.

Nimempigia hapokei. Najua anasoma humu. Nani mwingine alipigwa kama mimi?

Sunbae wa Sinza

"Wakorea wanaruhusu" nimecheka mpaka bosi kaja kuuliza kuna nini 😂😂

Fundi Redio

Mimi ndio nilikuwa mwenye laibrari (siyo ya Moro lakini). Niwaambie ukweli mdogo wangu, dada yako msamehe. Zile CD tulikuwa tunaletewa zikiwa nakala ya nakala ya nakala, maandishi ya chini mengine mtu alitafsiri Kikorea kwenda Kichina halafu Kichina kwenda Kiingereza, yanatoka "you are eat the sky of my mother". Hata profesa angeshindwa. Mteja akirudi kulalamika namwambia hiyo ni lahaja.

Na ile sizoni ilinijengea msingi wa nyumba, sitanii. CD nne, kila mtu anataka ya pili kabla hajarudisha ya kwanza, nilikuwa na daftari la foleni. Kuna mama mmoja alikuwa anakuja na khanga kichwani anasema ni ya watoto, watoto wenyewe wako bodingi.

mama_wawili

Huyo mama mwenye khanga ni mimi ama?

Dada mtoa mada umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa timu Ji-hoo na bado nipo. Yule kaka mpole, pikipiki nyeupe, fidla yake, anatokea kila Jan-di akiwa na shida, binti mwenyewe alimwambia wewe ni zimamoto wangu. Sasa ukiwa na akili timamu unamwachaje zimamoto unakwenda kwa aliyewasha moto?

Sunbae wa Sinza

Hapana hapana, tusianze. Ji-hoo mwanzoni alikuwa na Seo-hyun wake, akamfuata mpaka Ufaransa, mambo yakamshinda ndio akarudi kukumbuka kuna binti huku wa mgahawa wa uji. Na alikuwa F4 vilevile, kadi nyekundu zinatoka yeye kalala kwenye ngazi na kitabu. Mtu anaona mwenzie anapigwa anageuka upande wa pili halafu tumwite mpole?

Jun-pyo angalau alikuwa mbaya waziwazi. Na alisubiri pale mnara wa Namsan kwenye theluji saa nne nzima, binti hajafika, hakuondoka. Mwanaume wa leo dakika kumi tu anakuandikia "nimepata dharura".

mama_wawili

Alisubiri saa nne kwa sababu alimwamuru binti aje bila kusubiri jibu. Huo siyo uvumilivu, huo ni ubishi.

Kapteni Mstaafu

Mnapoteza muda na series za mapenzi ya watoto wa shule wakati nchi ina mambo. Mwigizaji kavaa koti la manyoya darasani, kila akiingia upepo unavuma hata ndani ya nyumba, wimbo uleule almost paradise almost paradise, mtu anatembea hatua tatu kwa dakika mbili. Nilikuwa nakaa na mabinti zangu nikashindwa.

Fundi Redio

Kapteni umejuaje wimbo

Kapteni Mstaafu

Nyumba ilikuwa ndogo.

Mtu Kati

Niweke mchango kidogo kwa wanaopenda historia maana naona watu wanadhani Wakorea ndio waliianzisha. Asili yake ni katuni ya vitabu ya Kijapani ya mwanamama Yoko Kamio, Hana Yori Dango, ilianza kutoka 1992. Wataiwani wakaifanya sizoni 2001 wakaiita Meteor Garden, Wajapani wenyewe wakafanya yao 2005, ndipo Wakorea 2009, halafu Wachina 2018 wakarudia tena na Thailand wakafuata 2021. Kila nchi inabadilisha majina na nguo, binti maskini na tajiri mwenye kiburi wanabaki walewale. Hata zile nywele za Jun-pyo zimetoka kwenye katuni, yule wa kitabuni ndio ana nywele za kujikunja, Wakorea wakaona tusipomtia kalikiti mashabiki watatuchoma.

Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Wajapani wana methali yao kwamba bora dango kuliko maua, dango ni vile vidonge vya unga wa mchele vinavyochomwa mtini, yani watu wanakwenda kuangalia maua yalivyochanua lakini mwenye njaa macho yako kwenye chakula. Kwetu tungesema bora andazi kuliko ua. Sasa mwandishi akachezea maandishi ya kile kijineno cha andazi yakasomeka "wavulana". Kwa hiyo mnapoona jina la Kiingereza halieleweki, ndio sababu.

Na Jan-di kwa Kikorea maana yake zile nyasi za bustani, ukoka. Ukoka unakanyagwa unarudi kusimama. Hapo walimpa jina wakijua wanachofanya.

Binti Kihonda

Mtu Kati asante sana aisee. Dada alituambia Jan-di maana yake Jane.

Kijana wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Huku ilikuwa vilevile, DVD za hamsini hamsini, baadaye tukaanza kubeba flashi kwa movie shop unajaziwa sizoni nzima unarudi nyumbani kama umetoka sokoni. Mimi nilikuwa na madada watatu, rimoti nilikuwa naiona kwa macho tu. Tulikuwa tumezoea zile soap za Meksiko kwa TV ambazo wanaongea Kiingereza mdomo ukienda kwingine, so hii ya kusoma ilikuwa kazi, mamangu alikuwa anasema hiyo si sinema hiyo ni homework.

Kitu moja naomba kuuliza. Mbona sisi wanaume hatusemi ukweli? Mimi nilienda kinyozi nikamwambia nataka kama ya huyu, nikamwonyesha picha kwa simu. Akaniangalia akasema kwanza uwe na nywele yake. Bado iliniuma.

Sunbae wa Sinza

Mtaani kwetu kuna jamaa alipaka kalikiti kabisa kabisa, na kipindi hicho kalikiti ilishapita zamani, imebaki kwa wazee wa bendi. Alikuwa anatembea na kanga ya dada yake begani isichafue shati. Wanne walijiita F4, mmoja alikuwa anauza mkaa.

mama_wawili

Tukicheka tukumbuke na sini za kweli jamani. Mama Jun-pyo alivyokwenda kwa kina Jan-di na hela aachane na mwanawe, mama Jan-di akachukua chumvi akammwagia kichwani. Familia haina kitu, dobi biashara imelala, na hela iko mezani! Ile sini mpaka leo naiona ni ya heshima kubwa. Ukiwa mtoto unaangalia Jun-pyo na Jan-di, ukiwa mzazi unaangalia wazazi. Baba Jan-di mpuuzi mpuuzi lakini anampenda mwanawe.

Na pale binti alipojirusha kumkinga Jun-pyo asipigwe na kiti, kiti kikampata yeye, bega likaharibika, kuogelea basi. Ndoto yake ilikuwa kuogelea. Nilikuwa naona ni mapenzi makubwa. Sasa hivi nina binti wa miaka kumi na nne, akiniambia mama nimeacha ndoto yangu kwa sababu ya kijana mmoja wa shuleni, nitakayemmwagia chumvi ni yeye.

Mtu Kati

Kuna jambo mmoja asipolisema naona uzi utakuwa na pengo. Wale wasichana watatu wabaya waliokuwa wanamsumbua Jan-di, mmoja anaitwa Sunny. Aliyemwigiza ni Jang Ja-yeon. Alifariki kwa kujiua tarehe 7 Machi 2009, sizoni bado inarushwa, haijaisha. Aliacha maandishi akieleza kupigwa na kulazimishwa kuwastarehesha watu wakubwa wa sekta yao na wa vyombo vya habari. Korea nzima ilitikisika na kesi yake imekuwa ikirudi rudi miaka mingi baadaye. Sisi huku tulikuwa tunamzomea kwenye mkeka, mimi mmojawapo.

Binti Kihonda

Duh. Hili sikulijua kabisa. Nilimaliza kuangalia juzi, ndiye nilikuwa naona anakera kuliko wote.

Nimekaa kimya kidogo hapa.

Kapteni Mstaafu

Apumzike. Mwanangu mkubwa aliniambia habari hiyo zamani, nilidhani ni umbea wa mitandaoni.

Fundi Redio

Hizi biashara zetu tulikuwa hatujui hata majina yao, kwenye kava tunaandika "Mkorea mpya" tunauza.

Dogo Janja wa Mbezi

Samahani wakubwa nimechelewa, mimi ni wa 2004, hii nimeangalia mwaka jana kwa sababu ya mama. Sijaelewa mnampendea nini Jun-pyo. Hawezi hata kuogelea, anaogopa wadudu, anakosea methali kila akiongea. Na mbona dada mkubwa mtoa mada umesema Jan-di ni mtoto wa shule? Nimeangalia, aliyemwigiza Ku Hye-sun alikuwa na miaka 24, Lee Min-ho aliyemwigiza Jun-pyo 21. Anaitwa mdogo na kumbe ni mkubwa kwake.

Sunbae wa Sinza

Dogo, kukosea methali ndio utamu wenyewe. Kijana ana ndege ya kwake ila methali ya darasa la tatu inamshinda, binti wa dobi anamsahihisha. Ndipo mahali pekee binti alikuwa tajiri kuliko yeye.

Dogo Janja wa Mbezi

Hapo umeniweza.

mama_wawili

Mtoa mada hujatuambia, wewe mwenyewe baada ya kurudia umeionaje? Maana mimi nataka kurudia naogopa kuharibu.

Binti Kihonda

Nikwambie ukweli wangu dada, nusu ya kwanza niliangalia nimeziba uso kwa aibu. Zile nguo! Zile sini za kugandisha picha kila mtu akishangaa! Wanasafiri New Caledonia wakiwa wanafunzi wa sekondari, wanapanda helikopta kwenda kuangalia msitu wa mikoko ulioota umbo la kopa. Mikoko! Sisi tunayo Rufiji kibao hakuna aliyenipeleka na helikopta. (Huo msitu upo kweli lakini, nimeutafuta, uko sehemu inaitwa Voh.) Na Jun-pyo wa mwanzoni angekuwa kwenye shule ya mwanangu ningekwenda kwa mkuu wa shule na mwanasheria.

Ila ikafika Macau. Baba yake kafariki, au ndivyo dunia inavyoambiwa, kampuni imemwangukia, kaondoka Korea hata simu hapigi, Jan-di kajikusanya kamfuata mpaka huko, anamkuta na makoti meusi na walinzi, Jun-pyo anamwangalia kama hamjui. Kwenye mkeka wetu ile sini dada alinyamaza. Nakumbuka vizuri kwa sababu alikuwa haachi kuongea, na pale akanyamaza, tukamuuliza anasemaje anasemaje, akasema "anamkana kwa sababu wanamsikiliza, siyo kwamba hampendi." Nikadhani na hiyo kaitunga. Nimeangalia sasa, ndivyo ilivyo. Hayo maneno hakuna mtu anayeyasema pale, ila ndio kilichokuwa kinaendelea. Kwa hiyo sijui niseme alikuwa haelewi au alikuwa anaelewa sana.

Mama wawili rudia. Anzia episodi ya sita, tano za mwanzo nenda nazo mbio.

Kijana wa Eastlands

Na mwisho je? Ulisema uji.

Binti Kihonda

Mwisho siyo uji bwana. Jan-di anajirusha kwenye bwawa la kuogelea mbele ya watu wote, bega bovu lile lile, anazama, na yule asiyejua kuogelea anamfuata majini ndipo akili inarudi. Halafu miaka inapita, binti anasomea udaktari, Jun-pyo anatua na helikopta ufukweni kuja kumposa. Helikopta tena. Hawa watu na helikopta.

Uji wa dada ulikuwa na mantiki zaidi, maana binti alikuwa anafanya kazi kwenye mgahawa wa uji. Mwandishi alilisahau hilo, dada hakulisahau.

Binti Kihonda

MREJESHO

Wakuu, dada amepiga jana usiku. Yuko Singida, alikuwa zamu ya usiku, kausoma uzi wote kwenye simu na wenzake wa kazini, anasema wamecheka mpaka wamefukuzwa koridoni.

Nikamuuliza dada, ile ya besidei ulielewa au hukuelewa? Akasema niliielewa vizuri sana, nilikuwa naelewa kama nusu hivi, hiyo ilikuwa kwenye nusu. Sasa kwa nini ulituambia besidei? Akasema "wewe umesahau nani alikuwa amekaa pale pembeni?"

Baba!

Anasema siku ya kwanza tu baba alishusha gazeti akauliza hao watoto wanampigia nini mwenzao, hii ndio mnayojifunza? Dada akaona hapa CD inazimwa na deki inafungiwa kabatini mpaka Krismasi, likamtoka tu "wanadai ada baba." Baba akasema ahaa, akarudi kwenye gazeti. Kuanzia hapo akawa amejifunga, kila sini ya kuonewa au ya kushikana shikana ikitokea inabidi itafutiwe jina la heshima kabla gazeti halijashuka. Wajomba. Madaftari. Binamu. Na Jun-pyo kuomba msamaha kila siku ni kwa sababu baba alikuwa anaguna, "huyu kijana hana adabu," kwa hiyo dada akimpa maneno ya adabu na baba anatulia. Yani lile penzi langu lote lilikuwa linaandikwa kwa ajili ya baba.

Nikasema basi ngoja nimpigie mzee mwenyewe nimchekeshe. Nimempigia leo asubuhi, nikamsimulia, nikamwambia baba, dada alikuwa anakudanganya miaka yote. Kimya. Halafu akasema:

"Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na moja, barua zote za ofisi zilikuwa za Kiingereza, unadhani nilikuwa sisomi pale chini? Yule kijana wa kalikiti alikuwa mshenzi. Lakini dada yako alikuwa anasimulia vizuri."

mama_wawili

Ee Mungu wangu nimelia sasa

Fundi Redio

Mzee alikuwa anaangalia BURE laibrari zetu kajificha na gazeti 😂 Wazee wa aina hii nawajua, gazeti lenyewe la juzi.

Kapteni Mstaafu

Mpe salamu zangu baba yako. Mwambie mimi langu lilikuwa redio, naiwasha sauti ndogo kama nasikiliza taarifa ya habari.

Sunbae wa Sinza

Kapteni hatimaye!! Timu gani?

Kapteni Mstaafu

Yi-jung, yule wa F4 mfinyanzi wa vyungu. Angalau alikuwa na fani mkononi.

Kijana wa Eastlands

Mzee aliona mwisho lakini? Ama na yeye alibaki kwa ule mkwaruzo?

Binti Kihonda

Alibaki hapo hapo! Ndilo alilouliza mwishoni kabla hajakata simu, "hivi yule binti wa dobi kijana alimkumbuka?" Nikataka kumwambia ya bwawa akanikatiza, usinisimulie. Mwisho wa mwezi naenda Moro na kompyuta, nimemwambia nitakuwekea ile ya mwisho uangalie mwenyewe. Kasema sawa, ila nisubiri na dada naye apate ruhusa aje, maana maandishi madogo ya pale chini macho yake siku hizi hayayaoni.